Texas na Maine kwa Hesabu za Rumonge

“Mwanangu, kati ya Texas na Maine, wapi mutu anaweza fika kwa mupaka mbio, siku wakikuja kuuwa?”

Swali hili niliulizwa na muuza mawese mmoja hapa Rumonge, katika mwaka wangu wa pili wa kazi. Mezani kati yetu palikuwa na jedwali nililolihangaikia karibu mwezi mzima: pango la nyumba, chakula, usafiri, matibabu, kodi ya serikali, gharama za baridi na gharama za joto. Mpaka haukuwamo. Nilikuwa na shahada ya uchumi kutoka Bujumbura, nilizoea kumwuliza kila mtu kwa nini, na mpaka haukuwahi kunijia akilini.

Nitamrudia mama huyo. Kwanza niwaeleze kazi yenyewe, nyinyi makarani wawili mnaobaki, kwa sababu mlipofika mlinikuta nimeshaizoea na huenda mkadhani nilizaliwa nikiijua.

Natoka kazini nikiwa na miaka thelathini na mitatu. Mzee Saidi, mwenye sekretaria yetu hii ya kuchapa na kupiga kopi, anaita hiyo kustaafu. Wiki iliyopita alininunulia Fanta na mishikaki, akatoa hotuba inayomfaa mtu aliyekwisha kung'oka meno, akaniombea uzee mwema. Naenda Bujumbura kufanya kitu kingine. Msiniulize nini, swali hilo najiuliza mwenyewe.

Nilipoanza, sekretaria ilikuwa chumba kimoja karibu na ziwa, chenye kompyuta mbili, mashine ya kopi iliyotafuna karatasi kama mbuzi, na shuka jeupe la kupigia picha za pasipoti. Baadaye ziwa likapanda, likaingia ndani bila hodi, tukahamia hapa juu kando ya barabara ya Nyanza-Lac. Nilidhani kazi yangu itakuwa kuchapa barua na kutafsiri vyeti vya kuzaliwa. Nilizaliwa kambini Tanzania na nikasoma huko hadi nikawa msichana mkubwa, kwa hiyo Kiswahili na Kiingereza nilirudi navyo; Kirundi cha shuleni na Kifaransa nilivikuta hapa vikiningoja na kiboko. Mtu mwenye lugha hizo zote na asiye na kazi, mahali pake ni sekretaria.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, kutoka Gitaza, mwenye haraka ya mtu aliyeacha mali yake juani na mawingu yanakuja. Kijana wake alikuwa Texas na alitaka kuhamia Maine. Familia ilikuwa imekaa kikao.

Hapa pana jambo ambalo mgeni halielewi. Familia nyingi za ufuko huu zilizorudi kutoka Tanzania zina watu wao Amerika. Kambi zilipofungwa, wengine walipanda ndege kwenda huko, wengine wakapanda lori kurudi nyumbani. Lakini kikao cha familia hakikugawanyika, kilirudi na wazee. Ndiyo maana mwanaume wa miaka arobaini, mwenye gari na watoto wanaoota kwa Kiingereza, hahami kutoka jimbo moja la Amerika kwenda jingine mpaka kikao kikae Gitaza, Magara au Rumonge, kiulize, kibishane, kinywe, kisha kimpigie simu kumpa jibu. Na kikao kinataka hesabu. Hesabu ilikuwa yetu.

Basi nikampigia kijana, nikaandika anacholipa nyumba, nikageuza dola kuwa faranga kwa bei ya mtaani, nikamsomea baba yake kwa sauti safi ya chuo kikuu.

“Yampaye inka!” Mzee wa Gitaza akasimama. “Kila mwezi analipa nyumba pesa ya mutumbwi na moteri yake? Na juzi ananiambia hana kitu? Mupigie tena. Mupigie sasa hivi, nimukumbushe mimi ni nani.”

Mzee Saidi alikuwa ameinamia mashine ya kopi. Akaja, akaweka kiganja juu ya simu yangu.

“Mzee wangu, keti kwanza. Huyu binti ni mgeni wa kazi. Amekupa kitu cha Texas kwa bei ya Rumonge.” Kisha akanigeukia mimi. “Bi Kwanini, hapo umeshamuua kijana wa watu.”

Jina hilo nilikuwa nimelipata asubuhi ileile, kwa kuuliza kwa nini karatasi zinaanikwa, kwa nini risiti hazina tarehe na kwa nini dirisha halifunguki. Karatasi zilikuwa zinashika unyevu wa ziwa. Maswali mengine mawili hadi leo hayajajibiwa.

Mzee Saidi ni Mswahili wa hapahapa, na ujanani alivuka ziwa kufanya biashara Kigoma na Kalemie, enzi ambazo mtu alitembea na pesa za nchi tatu mfukoni na hakuna iliyoamka na thamani iliyolala nayo. Yeye na wenzake, aliniambia, waliacha kuhesabu kwa pesa, wakahesabu kwa magunia ya chumvi. “Usigeuze dola. Ukigeuza dola kuwa faranga, kila mtu Amerika ni tajiri na kila mtu ni mwongo. Uliza anafanya kazi siku ngapi ndipo nyumba ilipwe. Siku ni siku, hapa na kule.”

Tukamwuliza upya kijana. Zaidi ya wiki moja ya kila mwezi ilikuwa ya mwenye nyumba, na nyingine karibu nzima ilikuwa ya gari. Baba yake akageuzageuza kofia yake.

“Kumbe na yeye anavulia watu,” akasema.

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza, na bado inafanya kazi. Lakini msimfanye Mzee Saidi kuwa nabii. Huyohuyo alishikilia kwamba Maine ni wilaya ya Kanada, na nilipomwonyesha ramani alisema ramani za simu huchorwa na watoto. Tulibishana wiki nzima. Alikubali siku ambayo mteja mmoja, bila kuulizwa, alisema Maine ni Amerika. Mimi na ramani yangu hatukutosha.

Kanuni ya pili niliipata mwenyewe, kwa kukosea mara nyingi. Usimwulize mtu aliye mbali “maisha iko aje”. Akiulizwa na mzazi, au na yeyote anayepiga kwa niaba ya mzazi, atajibu ni sawa, tunashukuru Mungu, hata kama amekaa juu ya sanduku lake barabarani. Kumwambia mama kwamba umelala njaa, naye hawezi kukufikishia hata kijiko cha maharage, ni ukatili. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Anayelalamika kwa sauti kubwa kwamba Amerika ni ngumu, mara nyingi ndiye aliyenunua kochi jipya na anaogopa kuombwa. Kwa hiyo malalamiko yalinifariji na shukrani zilinitia wasiwasi. Niliuliza vitu vidogo: jana ulikula nini, nani alipika, ulifikaje kazini, mara ya mwisho kuumwa ulikwenda wapi. Mtu hupanga uongo kuhusu maisha. Kuhusu chakula cha jana husahau kupanga.

Kwa njia hiyo, mwaka hadi mwaka, tulizijua Texas na Maine kama watu wengine wanavyojua tarafa ya jirani. Hayo majimbo mawili ndiyo yaliyopokea wengi wa watu wetu, au tuseme wa wateja wetu. Sina takwimu na sizitungi.

Texas ya wateja wetu ilikuwa na nyumba kubwa kwa siku chache za kazi. Jimbo halikati kodi yake kwenye mshahara. Jua lilikuwa la kutosha, mama mmoja wa Magara aliyekwenda kutembea huko alirudi akisema ni Rumonge bila ziwa. Lakini bila gari wewe ni kuku aliyefungwa mguu. Nyumba yenye watu wazima watatu ina magari matatu, na kila gari lina bima yake, na kiangazi kizima mashine ya kupoza hewa inakula umeme. Halafu ugonjwa. Mtu mzima asiye na bima ya kazini akilazwa usiku mmoja, bili inamfuata kama inzi wa ndagala.

Maine ilikuwa kinyume karibu kila mahali. Nyumba hazipatikani, ikipatikana, inameza nusu ya mwezi. Jimbo linakata chake. Mafuta ya kupasha nyumba joto yananunuliwa kwa miezi mingi, na mtoto anahitaji makoti mawili na viatu ambavyo mwaka ujao havimtoshi. Ila mwenye kipato kidogo anatibiwa bila kuuza kitanda, mjini kuna mabasi, na ofisi ya mji inaweza kumshika mkono mtu aliyeanguka. Mawese na unga wa muhogo vinapatikana kote kuwili. Ndagala pia zipo, ngumu kama misumari, na hakuna anayejua zilivuliwa ziwa gani.

Mara nyingi nilihitimisha hivi: Texas ni rahisi kwa mtu mzima wa afya mwenye gari, Maine ni rahisi kwa mgonjwa na kwa mama mwenye watoto wadogo. Kikao kimoja kiliniuliza mbona mtu asiwe mzima Texas kisha akaugulie Maine. Niliwaambia wazo ni zuri, tatizo ni kuujulisha ugonjwa ratiba.

Sasa nirudi kwa yule mama.

Tulimwita Mama Odeta, kwa jina la binti yake mkubwa. Aliuza mawese sokoni, mwanamke mfupi, mwenye sauti isiyopanda wala kushuka. Kambini huko Tanzania watoto wake wawili wakubwa, Jeremi na Odeta, walipata nafasi ya kwenda Amerika. Jeremi alipelekwa Texas, Odeta na mumewe wakapelekwa Maine. Mama mwenyewe alikataa ndege. Alirudi Rumonge kudai michikichi ya baba yake, akaipata nusu, akaanza kukamua. Alirudi na mtoto wa mwisho, Fidesi, ambaye wakati ninaouzungumzia alikuwa amemaliza shule ya uuguzi na hakuwa na kazi. Fidesi alicheza loto ya Amerika, ile ya viza, na jina lake likatoka.

Walikuja pamoja. Fidesi alikuwa tayari ameshaondoka, ila mwili wake tu ulikuwa bado umekaa kwenye benchi letu.

“Dada, fomu inataka anwani ya mutu atanipokea. Andika yoyote. Hata kama ni jimbo la nyoka, naenda.”

“Nyamaza weye,” mama yake akasema. “Loto imekupa kiburi. Bwakeye, mwanangu, habari za asubuhi. Nimesikia unapimaka majimbo.”

Fomu ilikuwa na mwisho wake. Ikipita tarehe, nafasi inapotea, na loto haichezwi kwa hasira ikatoka tena. Bila ridhaa ya mama, Fidesi asingekwenda. Si kwa sababu ya sheria, bali kwa sababu nauli ilikuwa itoke kwa kaka na dada yake, na wao walikuwa wamesema neno moja tu: mama aseme. Kwa hiyo maisha yote ya msichana huyu yalikuwa yanangoja mama yake achague kati ya sehemu mbili asizozijua, kwa msaada wangu mimi nisiyezijua pia.

Nilifanya kazi kama nilivyofundishwa. Odeta alinitumia ujumbe wa sauti wakati wa mapumziko yake kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi. Alijibu kama mtu anayehesabu nguo za kufua: nyumba inachukua siku hizi, mafuta ya baridi siku hizi, jana tulikula maharage na wali, alipika... hapo akasita, akasema, “tulipika”. Jeremi alikuwa mcheshi. Aliniambia Texas hata kivuli kinatafuta kivuli. Alinieleza kiwanda cha nyama, gari, bima, usiku mmoja hospitalini kwa ajili ya jiwe la figo. Kisha akasema, bila kuulizwa:

“Dada, musimulete huku. Aende kwa Odeta.”

“Kwa nini?”

“Ee! Kweli wewe ni Bi Kwanini. Mzee Saidi hakudanganya. Huku bila gari ataozea kwa nyumba.”

Hilo lilinisumbua. Katika familia nyingine, kila aliye Amerika anavuta mgeni kwake kwa upweke, au anamsukumia mwenzake kwa gharama, na katika hali zote mbili anasema sana. Jeremi alisukuma kwa maneno machache na kwa upole. Tena nilipomwuliza bei ya kitu cha siku ileile, mafuta ya gari au unga, aliniambia “nitakutumia kesho”, na kesho yake ilifika, sahihi. Nililinganisha na wateja wengine wa Texas. Kila kitu kilikubaliana. Nikakata shauri kwamba hana kazi na anaona aibu. Nilijisifu kwa kuligundua hilo, nikaliweka moyoni, sikumwambia mtu.

Siku ya kusoma jedwali, umeme ulikuwa umekatika na mashine zote zilikuwa kimya, kwa hiyo wote waliokuwa kwenye foleni walisikia. Nilimweleza Mama Odeta kwamba kwa muuguzi kijana, asiye na gari wala mtoto, Maine itamgharimu zaidi mwanzoni lakini hatakwama. Alisikiliza hadi mwisho. Ndipo akauliza swali la mpaka.

Fidesi akaficha uso kwa viganja. “Mama, jamani. Amerika!”

“Nimeuliza huyu dada, sijauliza weye.”

Nilimwambia majimbo yote mawili yana mpaka. Texas imepakana na Meksiko, Maine na Kanada. Akataka kujua umbali. Nikampimia kwenye simu, kutoka mji wa Jeremi na kutoka mji wa Odeta. Maine ilikuwa karibu zaidi. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia bei ya kuanzia.

“Na hao wa ng'ambo, wanapokeaka watu?”

“Mama, sijui.”

“Njo unaona. Hapo ndipo hesabu iko.”

Nilijaribu kumwambia kwamba huko hakuna vita vya namna hiyo, kwamba anapima hatari isiyokuwapo na kuacha zilizopo, kama figo na barafu. Nilisema kwa adabu, lakini nilisema.

“Hata hapa haikukuwako,” alijibu. “Ilikuwa siku ya kawaida. Watu walikuwa wanauza samaki.”

Halafu akaeleza, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka. Mwaka wa sabini na mbili, mauaji yalipofika hapa, alikuwa msichana mdogo. Baba yake aliwasimamisha watoto wanne katikati ya michikichi, akawagawanya: wawili kwa mtumbwi, wawili kwa mlima. Akasema, mukienda pamoja watawamaliza pamoja.

“Wa mutumbwi hawakufika. Mimi niko wa mulima.”

Kwa hiyo kambini, alipowaaga Jeremi na Odeta, aliwapa agizo moja: wasikae pahali pamoja. Wao walikubali, na kwa bahati ofisi ziliwatenganisha. Miaka yote hiyo alilala usingizi kwa sababu mmoja alikuwa huku na mmoja kule. Sasa Fidesi amevuruga hesabu. Akienda Maine, wawili wako pamoja. Akienda Texas, wawili wako pamoja. Na jimbo la tatu hatuna mtu.

Sikuamini kanuni hiyo, na siiamini sasa. Kutawanyika kuna gharama yake kila siku, na hatari anayoiogopa inaweza isije kamwe. Lakini nilipotafuta hoja ya kumpa, kila niliyoipata ilianza na “huenda”, na yake ilianza na majina ya ndugu zake.

Akauliza jambo moja zaidi.

“Akishaandikwa Maine, kibali ya kutoka jimbo inatolewa na nani?”

Nilielewa mara moja, maana na mimi nilikulia huko. Kambini hukuvuka kizuizi bila karatasi. Msichana wa darasa langu alilala kituo cha polisi kwa kufuata kuni mbali. Nikamwambia Amerika hakuna kibali. Mtu anapanda basi, anavuka, hakuna anayemwuliza.

“Hata mumoja?”

“Hata mmoja, mama.”

Nilidhani nimempa habari njema.

“Hiyo ni mubaya,” akasema. “Nani atawazuia kufuatana?”

Zikabaki siku chache. Fidesi alikuja kila asubuhi kuniuliza kama mama yake amepita, na kila asubuhi nilimjibu hapana. Alikonda. Siku moja aliniambia, “Dada, najua michikichi yote ya babu kwa jina. Nitakufa najua michikichi.” Nilimwambia nitajaribu tena, ingawa sikujua nitajaribu nini.

Mzee Saidi ndiye aliyependekeza simu ya pamoja: mama, Fidesi, mimi, na Jeremi kwenye spika. Mama alisalimia kwa ufupi tu.

“Jeremi. Fidesi akienda kwa dada yako, weye utabaki?”

“Nitabaki, mama.”

“Peke yako?”

“Peke yangu. Mimi niko mbali nao kabisa, hata ndege inachoka kufika.”

“Hautawafuata?”

Kulikuwa na kimya kidogo, ambacho nilikihesabu kuwa ni cha mtandao.

“Sitatoka nilipo, mama. Nakuapia.”

Mama Odeta akanitazama. “Andika Maine. Wawili Maine, mumoja Texas. Hapo naweza lala.” Fidesi akaanza kulia, mama yake akamwambia aache kulowesha fomu za watu.

Fidesi aliondoka kabla ya mvua kubwa. Mama alituletea kidumu cha mawese, Mzee Saidi akasema hapokei malipo ya aina hiyo, kisha akakipeleka nyumbani. Tangu hapo Mama Odeta alipita sekretaria akitoka sokoni, si kila siku, akasimama mlangoni na beseni lake.

“Amahoro. Texas iko aje leo?”

Nilitazama hali ya hewa kwenye simu, nikamwambia: joto. Au: mvua ya radi. Alitikisa kichwa, akasema murakoze, akaenda. Kuhusu Maine hakuuliza. Huko walikuwa wawili, wangetazamana. Wakati fulani Texas ilipigwa na baridi isiyo ya kawaida, wateja wetu wa huko wakakosa umeme na maji, na alikuja mara tatu kwa siku. Jeremi alimwambia kwa simu kwamba kwake ni salama kabisa, kuna joto, ana chakula. Nilishangaa kidogo, nikajiambia ana bahati ya mtaa.

Mama Odeta alifariki mwaka jana, kitandani mwake, kwa moyo. Alizikwa upande wa juu wa michikichi yake. Watoto wote watatu waliwahi matanga, na siku ya kuyaondoa nilikwenda na Mzee Saidi. Fidesi alikuwa amenenepa, anafanya kazi hospitalini, alinikumbatia hadi nikakosa pumzi. Odeta alikuwa jikoni akitoa amri. Jeremi nilimtambua kwa sauti kabla ya uso. Mwanaume mrefu, mkono wa kushoto una vidole viwili visivyokunjika.

Alinivuta kando, karibu na mitungi ya bia ya ndizi.

“Dada, nataka nikuombe samahani kwa ajili ya jedwali yako.”

“Ulikuwa huna kazi,” nikasema. “Nililijua tangu wakati ule.”

Akacheka, akatazama nyuma kuona kama wazee wanasikia.

“Kazi nilikuwa nayo. Texas ndiyo sikuwa nayo.”

Alinieleza akiwa amesimama, bia mkononi, haraka. Kiwanda kilimharibu mkono katika mwaka wake wa pili. Asingeweza kulipa nyumba wala hospitali peke yake, na Odeta alikuwa ameachwa na mumewe na watoto wawili wadogo, anafanya kazi zamu mbili. Akapanda basi, akavuka majimbo bila kuulizwa na mtu. Walipanga nyumba moja ya ghorofa mbili, wakagawana pango, yeye akalea watoto wa dada yake mchana na kufanya usafi ofisini jioni. Bei za Texas alizonipa zilikuwa za kweli. Alikuwa akizipata kwa rafiki aliyebaki huko. Kila mama alipopiga simu, alitoka nje akaongelea ndani ya gari, baridi au joto, ili sauti za watoto zisisikike. Alipoapa kwamba hatatoka alipo, hakuwa amedanganya neno. Fidesi alipotua uwanja wa ndege na kuwakuta wote wawili wanamsubiri, alikaa chini sakafuni.

“Odeta na watoto walilala juu, mimi chini,” alisema Jeremi. “Fidesi pia tukamuweka juu. Wawili pamoja, mumoja mbali, kama mama alisema.”

Texas, kwa miaka yote ile, ilikuwa ghorofa ya chini.